Yule Mama wa Kwenye Makala

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi hata kijiko kikiwa mdomoni. Wazazi wake walipoachana na kila mmoja akashika njia yake, shangazi huyo, dada wa baba yake, alimchukua akamlea pamoja na mwanawe wa kiume. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na Chiriku alikulia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya kaki na vya bluu, akiwatungia hadithi watoto ambao wangezivaa zile sare. Huyu atashikwa na tumbo siku ya mtihani. Huyu ataficha kinyonga mfukoni. Shangazi alicheka mpaka pini alizozibana midomoni zikamdondoka.

Ukubwani Chiriku alifanya kazi ya mapokezi kwenye duka la kuchapisha kadi na vipeperushi. Duka lilipofungwa, alikaa hana hili wala lile, mpaka rafiki yake mmoja akamwambia kuna watu wanaishi kwa kuandika mtandaoni. Alijifunza mwenyewe, kwa simu kwanza, kisha kwa kompyuta aliyonunua kwa mtu. Alijifunza kutunga kichwa cha habari kinachosimamisha kidole cha mtu anayepitisha macho tu. Alijifunza kujua maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta jambo mtandaoni, na kuyapandikiza ndani ya makala bila msomaji kushtuka. Aliandika kuhusu magodoro, rangi za nyumba, mafuta ya nywele. Akapanga chumba juu ya duka la vipuri, akaweka meza karibu na soketi, na kwa mara ya kwanza maishani akaacha kumwomba shangazi yake chochote.

Shangazi hakuielewa sana ile kazi. Jirani akimuuliza binti anafanya nini, alijibu, "Anaandika kwenye kompyuta," kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa binti yake ni rubani.

Kazi nyingi zilitoka kwa wakala mmoja wa matangazo. Hawakuwahi kuonana; alimjua kwa sauti tu, sauti laini isiyo na haraka. Siku moja wakala akamletea kazi ya unga fulani wa mizizi, unaouzwa kwenye kopo, ambao wenyewe walidai unashusha presha. Chiriku akaandika. Wakala akapiga simu.

"Dada, hii nimeisoma, lakini ni kama maandishi ya ubavuni mwa kopo. Nipe mtu. Mtu mwenye presha, nimwonee huruma."

"Simjui aliyeutumia."

"Kwani lazima umjue? Si wewe ndiye mwandishi?"

Chiriku akarudi mezani. Akatafuta mtu kichwani, na hakuhitaji kwenda mbali. Akamtunga mama mmoja fundi wa nguo, mjane, ambaye akiinama kutia uzi kwenye sindano anaona vinyota vyeusi mbele ya macho. Ambaye akilaza sikio kwenye mto anasikia moyo wake ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje. Ambaye hujishika ukingo wa meza anaposimama, halafu anajifanya alikuwa anatafuta mkasi. Yote hayo aliyaona kwa shangazi yake, aliyekuwa akimeza vidonge vya presha vya kliniki, miaka nenda miaka rudi. Maneno yalimtoka kama maji. Mwishoni yule mama akanywa unga, akapona, na Chiriku akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: "Siku hizi vidonge vyake viko kabatini, hata hakumbuki mlango wa kliniki." Aliipenda kwa sababu ilisikika vizuri.

Makala ile ilishika moto. Watu waliisambaza, wakaituma kwenye vikundi vya familia, vya dini, vya wastaafu. Wakala alimsifu mpaka akaona haya. Chiriku hakulala na hatia yoyote. Aliona ni tangazo kama la godoro.

Miezi ikapita. Jumamosi moja alikwenda kumtembelea shangazi kama kawaida. Alipoinua mkono kuchukua kikombe rafuni, akaliona kopo. Lilikuwa lile lile, la kijani, limekaa pembeni ya sukari, na kijiko ndani yake.

"Shangazi, hili umelitoa wapi?"

Shangazi akacheka kidogo, kicheko cha mtoto aliyekamatwa. "Nilijua utanigombeza, ndiyo maana sikukwambia. Wewe na hospitali zako. Kaa kwanza nikuonyeshe kitu."

Akavaa miwani, akafungua simu yake, akampa. Chiriku akaona kichwa cha habari alichokitunga mwenyewe.

"Soma hapo," shangazi akasema, akimwonyesha kwa kidole. "Pale anapotia uzi. Soma! Si mimi huyo? Mwanangu, nilipoisoma nililia. Nikasema, kumbe siko peke yangu, kuna fundi mwenzangu mahali anapitia haya haya, wala hayasemi. Na amepona."

"Vidonge vyako viko wapi?"

"Nimeviweka."

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu nianze unga. Si wamesema..."

Chiriku akakaa kwenye kiti cha wateja. "Shangazi, huyo mama hayupo."

"Amefariki?" Shangazi akashika kifua.

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Nimemtunga mimi. Hiyo makala niliiandika mimi, nikalipwa."

Shangazi akamtazama, kisha akatikisa kichwa polepole, hata akatabasamu. "Usiseme hivyo kwa sababu tu unataka nirudi kliniki. Huyu mtu amepata taabu. Mtu hawezi kuyajua haya kama hayajampata."

"Niliyaona kwako."

Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi kwenye saruji, akapita, akaishilia. Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena.

"Mimi nilikuwa namwombea," akasema. "Kila asubuhi. Jina lake silijui, nasema tu, na yule fundi mwenzangu, Mungu mzidishie afya."

Chiriku akaanza kulia. Shangazi hakumnyamazisha, ingawa tangu amchukue hakuwahi kumwacha alie. Alikuwa bado anafikiri. Halafu akauliza, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Uliyaona yote hayo. Meza, mkasi, moyo. Mbona hukuniuliza hata siku moja, 'Shangazi, unaumwa wapi?'"

Chiriku akainuka, akamtafutia viatu vyake.

Walikwenda kliniki siku ile ile. Muuguzi alipima presha, akapima tena kwenye mkono wa pili, akawatazama wote wawili kama watoto watukutu. Shangazi akapewa vidonge, akaapa kuvimeza. Na alivimeza, Chiriku alihamia pale nyumbani ahakikishe kwa macho yake. Unga wa lile kopo aliumwaga chooni. Walikula pamoja, wakazungumza habari za majirani na bei ya vifungo, wala makala haikutajwa. Ila shangazi hakumwita tena Chiriku. Alimwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye vyeti, kwa heshima, kama anavyoitwa mgeni.

Hazikupita wiki mbili, shangazi akaanguka akiwa anampima mtoto urefu wa mkono wa shati. Mama wa mtoto ndiye aliyepiga kelele. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wote wa kulia, kikamchukulia na maneno. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba presha ilikuwa imeachiwa kwa muda mrefu, na kwamba vidonge vilirudi vimechelewa. Chiriku alimsikiliza akiwa ameshika ukuta.

Shangazi alikaa wodini, kisha nyumbani, amelala upande mmoja akitazama dirisha la chumba cha mbele. Chiriku alimwogesha, alimlisha, alimgeuza. Alimwomba radhi kila alipombadilisha shuka. Shangazi alimtazama kwa macho yaliyojaa maneno, akajaribu kusema, ikatoka sauti moja tu isiyokuwa neno. Huenda ilikuwa nimekusamehe. Huenda ilikuwa niletee maji. Chiriku aliinamisha sikio mpaka likagusa midomo ya shangazi, na hakuambulia kitu. Asubuhi moja, kabla chai haijachemka, shangazi akakata roho.

Baada ya mazishi Chiriku alimwita pembeni binamu yake, mtoto pekee wa marehemu, fundi wa friji aliyekuja kutoka mbali. Utotoni waliwahi kugombania upande wa ukutani wa kitanda kimoja. Akamweleza yote, bila kupunguza.

Binamu alisikiliza mpaka mwisho. "Mama alijua?"

"Alijua."

"Alisema nini?"

Alipomwambia lile swali, binamu akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alikuwa mtu mwingine. "Sitakutukana," akasema. "Umemwogesha mama yangu. Lakini usinipigie simu." Akachukua begi lake na kuondoka, na tangu siku hiyo simu yake inaita tu.

Chiriku alimpigia wakala, akamtaka aifute ile makala.

"Pole sana kwa msiba, dada," wakala akasema, na huruma yake haikuwa ya uongo. "Lakini ile si mali yangu, ni ya mwenye unga. Na hata akiifuta, imeshanakiliwa huko na huko, nani ataikusanya? Pumzika. Ukiwa tayari nina kazi nyingine, ya uji wa watoto."

Hakuichukua. Aliandika makala mpya, ya ukweli, akaeleza alichofanya na kilichotokea. Waliosoma ni wachache, na wengi wao walimtukana. Akaandika onyo chini ya ile ya zamani, likafutwa. Akaandika tena. Msomaji mmoja akamjibu kwamba ana wivu na yule mama aliyepona. Mwingine akamwambia aache kuwakatisha watu tamaa.

Siku hizi anauza tiketi kwenye dirisha la kampuni ya mabasi. Saa ya chakula hukaa nyuma ya ofisi na simu yake, anatafuta mahali palipobandikwa ile makala, anawaandikia waliotoa maoni, mmoja mmoja, faraghani. Wengi hawajibu. Wiki iliyopita binti mmoja alijibu: mama yake ameanza unga, na hasikii la mtu.

"Naomba niongee naye," Chiriku akaandika.

Ikapigwa simu. Sauti ya mama wa makamo, yenye tahadhari, ikauliza, "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeiandika, mama."

"Uliiandika wewe?" Sauti ikabadilika, ikawa na furaha. "Mungu akubariki, mwanangu! Hebu niambie, yule mama anaendeleaje?"

Chiriku alifumba macho. Dirishani abiria walikuwa wameanza kupanga foleni, na mwenzake alikuwa akimwita kwa mkono.

"Mama," akasema, "kwanza niambie wewe. Unaumwa wapi?"

Na yule mama akaanza kumweleza.