Pindo la Udachi, Mji wa Kondoa

Wivu nilizaliwa nao. Mama alikuwa akisimulia kwamba nilipokuwa nikinyonya titi moja nililishika la pili kwa mkono, mtu asije akalichukua.

Kwa hiyo nilipoanza kupiga nguo chapa pale Kondoa, zama za Wadachi, hakuna aliyeruhusiwa kuingia uani kwangu. Nilinunua kitambaa cha merikani nyeupe, nikachemsha mizizi ya mdaa itoe rangi nyeusi, nikachanganya na tope jeusi la mtoni, kisha nikapiga nguo kwa chapa za mti nilizochonga mwenyewe. Kwenye pindo nilipiga masega ya nyuki. Katikati, pale tunapopaita mji, nilipiga duara ndani ya duara, lenye miale pande zote. Rangi ile haikutoka hata nguo ipigwe jiweni mpaka ichakae, na wanawake walizipenda nguo zangu. Siku za gulio walishuka hata kutoka Kolo.

Nilikuwa na shoga yangu. Tulichezwa unyago pamoja, na sote wawili waume zetu walikuwa wapagazi waliofia safarini. Yeye naye aliuza nguo, ila za dukani. Alikuwa mrefu, mwenye sauti tamu, na mteja akikaa mkekani pake hanyanyuki upesi. Nilimpenda sana. Lakini gulioni macho yangu yalikuwa kwa watu waliokaa kwake kuliko kwa waliokaa kwangu.

Kazi ikanizidi. Nguo moja ilinimaliza siku nzima, na wateja hawakusubiri. Nikasikia kwamba huko Dodoma, tangu reli ifike, kuna tajiri wa Kihindi anayepeleka vielelezo Udachi na kuletewa nguo zilizochapwa kwa mashine. Nikafuatana na wauza asali mpaka Dodoma, nguo yangu nzuri kuliko zote nimeifunga kiunoni kwa ndani.

Tajiri aliitandaza juu ya meza. Akaikodolea macho, akaigeuza, akainusa.

"Umechora wewe, bibi?"

"Mimi."

"Niachie. Mvua zikiisha, nguo zitakuwa zimefika."

Nikamwachia. Sikuuliza zitachapwa ngapi, wala nani mwingine atauziwa. Nilirudi Kondoa nikiimba njia nzima.

Mvua zikaja, zikakatika. Siku moja ya gulio, kabla sijapata habari yoyote ya mzigo wangu, nikamwona shoga yangu anakuja amejifunga duara langu kiunoni na duara langu begani. Nyekundu kwa nyeusi! Mimi nyekundu ya namna ile sikuwahi kuipata. Na ilimkaa, wallahi.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Dodoma. Kwa tajiri wa stesheni. Mbona wanitumbulia macho?"

"Hilo duara ni langu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Lako? Shoga, duara hilo liko mwambani kule Kolo. Mimi na wewe tuliliona pamoja tukichunga mbuzi. Aliyelichora hakukuachia urithi."

Watu wakacheka. Na alisema kweli. Nilikusanya nguo zangu nikaondoka gulio halijachanganya, na kwa muda mrefu tulipopishana kisimani nilikuwa nikigeuza shingo.

Kilichoniuma si duara tu. Niliumia kwamba wanawake walimwambia limempendeza. Nilikuwa nimelichonga, nimelichemshia rangi, vidole vimenibabuka, na sifa zikaenda kwa mtu aliyefungua robota la nguo za dukani.

Nikarudi Dodoma. Tajiri hakuona haya.

"Bibi, kiwanda hakichapi kwa ajili ya mtu mmoja. Zimekuja nyingi, nami nauza kwa anayetaka. Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Kweli, hatukukubaliana kitu. Nililala kwa binamu yangu aliyeolewa pale mjini, nikawa nawaza. Mashine ya Udachi sikuweza kushindana nayo, na bila yeye nisingeifikia. Asubuhi nikamrudia.

"Nina pindo jipya," nikamwambia. "Ila sikuonyeshi hapa. Twende kwa akida kwanza."

"Pindo tu? Na mji je?"

"Mji wauache mweupe."

"Nguo yenye uwazi katikati! Nani ataivaa?"

"Hilo niachie mimi."

Alicheka, lakini akaja. Mbele ya akida na wazee wawili tukasema maneno yetu: mzigo ukifika haufunguliwi mpaka nifike, na pindo lile halitauzwa kwa mtu mwingine wa Kondoa. Hapo ndipo nilipoifungua nguo mpya niliyokuja nayo kiunoni, wakaona: majani ya mbarika, moja limelala juu ya jingine. Nikamwachia kipande cha pindo, kingine nikarudi nacho kiwe ushahidi.

Mzigo ulipofika, nguo zilikuwa safi, pindo jekundu limenyooka kama mstari wa reli. Nikazipeleka nyumbani, nikafunga mlango wa uani, nikapiga mji mmoja mmoja kwa mkono wangu, kwa mdaa wangu, na kila msimu nikabadilisha chapa. Safari hii zikawaka gulioni kama moto wa nyika. Mikono yangu ilitosha sasa, kwa kuwa nusu ya kazi ilifanyika ng'ambo, na hiyo nusu peke yake haikumfaa mtu.

Tajiri hakuweza kujizuia. Baada ya muda alimuuzia shoga yangu nguo kadhaa zenye uwazi. Nilikwenda nikamshitaki tajiri kwa akida, akakaripiwa mbele yangu, nami nikafurahi kidogo. Lakini furaha kubwa ilikuwa Kondoa. Shoga yangu alijaribu kupiga mji kwa masizi na mafuta. Mteja wake wa kwanza aliifua nguo mtoni, maji yakawa meusi mpaka chini kwa wanyweshaji ng'ombe, na yule mama akarudi gulioni na nguo imekuwa kijivu yote, anaipunga mbele za watu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaona shoga yangu anainama kumpa yule mama nguo nyingine, nzuri kuliko ile, kwa upole, na mama yule akaketi kuzungumza naye. Hata katika aibu yake watu walikaa kwake! Kicheko kikanikauka.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, nguo za ng'ambo zilikatika. Duka la stesheni likafungwa. Watu wakarudia kusokota pamba na kufuma nguo nzito za kukwaruza. Mimi nikazichukua hizo hizo, nikazipiga pindo na mji kwa mkono, kama zamani. Shoga yangu hakuwa na cha kuuza. Siku moja akaja mpaka mlangoni pa ua wangu, akasimama nje bila kusukuma.

"Hodi, shoga."

"Karibu," nikasema, nikiwa sijanyanyuka.

"Nimekuja kuomba kazi. Sitaki uniambie siri yako. Nipe chochote."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda, lakini shingo yake ilikuwa ile ile ndefu. Nikaona jinsi ninavyozidiwa na rundo la nguo, na jinsi kisima kilivyokuwa na upweke miaka yote niliyogeuza shingo. Nikampa chapa ya pindo.

"Pindo tu," nikamwambia. "Rangi nachemsha mimi, na mji napiga mimi, ndani."

"Hewala."

Akakaa uani kwangu, akapiga pindo vizuri, kwa mkono mwepesi, taratibu bila kukosea. Majirani wakaanza kupita. Walileta watoto wao, walileta kazi zao za ukindu, wakaketi ubavuni mwake wakazungumza na kucheka, uani pangu mimi. Mimi nilikuwa ndani, nimeinamia mji, nawasikia. Mara nyingine nilitoka bila sababu, nikajidai natafuta maji, ili angalau mmoja wao anigeukie anisalimu.