Magongo Yaliyong'aa

Mume wangu alianguka kibaruani kwa mjengo, miaka hiyo ya tisini, na mguu wake ukaungwa vibaya. Daktari aliniambia wazi: asipoanza kutembea, mguu utakauka. Lakini mwanaume huyo alikuwa na maringo yake. Nilimwazimia magongo ya mbao kanisani, akayasukuma chini ya kitanda. "Mimi sitoki hapa Kibera nikikaa kama ombaomba," akasema, akageukia ukuta.

Nilikasirika, tena sana. Kwani huko ukutani kulikuwa na nini? Ila nilimjua. Kabla ya ajali hangetoka nyumbani bila kupiga viatu rangi, hata kama anaenda kubeba mawe. Nikajiambia, sawa, nitamletea magongo ambayo hata mtu mwenye miguu mizima atayatamani.

Huko Kawangware, upande wa Kabiro, kulikuwa na fundi Mkamba aliyetengeneza antena za televisheni kwa mabomba ya alumini ya skrepa. Tukaelewana: mimi nimsafishie mabomba yake, yeye anipe ya magongo na kuyakunja. Ya kwanza nilienda nayo nyumbani. Sasa, sisi watu wa ziwa, mwanamke anajulikana kwa vile matako ya sufuria zake yanavyong'aa. Nikachukua jivu na mchanga, nikasugua vile mama alinifunza, nikizungusha mkono mpaka mabomba yakawa meupe. Nikayarudisha Kabiro na kiburi changu chote.

Fundi alicheka mpaka akaketi. "Mama, kwani hii ni sufuria? Umeiparura kama kuku!" Akaligeuza bomba juani. Kweli, mikwaruzo ilikuwa imejaa kila mahali. Akanieleza kwamba jasho litaingia humo, lishike uchafu, na viganja vya mgonjwa vitakuwa vikitoka vyeusi kila siku. Aki nilitaka kulia.

Nikaanza upya. Kwanza tupa, kulainisha midomo ya mabomba pale msumeno ulipoacha meno. Kisha msasa mkali, halafu ule laini wa maji, ukifuata urefu wa bomba, bila kuzungusha hata kidogo. Mkono wangu ulizoea kuzunguka, ukawa unajisahau, na fundi anapiga kelele kutoka ndani, "Sufuria hiyo, mama!" Mwisho ikawa kitambaa na dawa ya kung'arisha. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikachukua kingine, nacho kikatoka cheusi. Fundi akasema alumini ndivyo ilivyo, nikingoja kitambaa kitoke safi nitazeekea hapo. Akayakunja yakawa magongo, akayapaka vanishi, akafunga raba za tairi chini.

Jameni, yaling'aa! Nilipita stendi ya Olympic, hapo Kibera, nikiwa nimeyabeba begani makusudi, watu waone.

Nyumbani nilimpa yakiwa yamefungwa kwa leso. Akafungua. Akapitisha kidole polepole, toka juu hadi chini, akajitazama uso mle kwenye bomba. Nikamwona akitabasamu.

"Umefanya kazi safi, mama watoto," akasema. "Sasa tafuta mtu wa kutembea nayo."

"Si ni yako!" nikafoka. "Amka, baba! Jaribu hata mpaka mlangoni tu."

Akanirudishia, akavuta blanketi. Siku hiyo nilimtukana, kesho yake nikambembeleza, halafu nikaita akina mama wa kanisa waje tuombe. Hakuamka. Mguu ukakauka vile daktari alisema, na mwenyewe akakauka nao. Nilichoka. Sikujua mtu anaweza kukataa kusimama hivyo tu.

Magongo niliyatundika ukutani karibu na sufuria. Kila Jumamosi, nikimaliza kusugua vyombo, niliyashusha nikayapitishia kitambaa, kwa urefu, bila kuzungusha. Yeye alinitazama kutoka kitandani.

Jumamosi moja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hayo unamsafishia nani?"

Nikaangalia yale magongo. Pale pa kushikia hapakuwa na jasho, wala alama ya kiganja, na vanishi ilikuwa vilevile fundi alivyoipaka.

"Napanguza vumbi tu," nikamwambia, nikayarudisha kwa msumari.