Fundi anayeuliza habari za msiba kabla ya kushusha matofali

Maneno yenyewe yalianzia kwenye mashine ya kusaga. Mama mmoja aliyekuja na debe la mahindi aliwaambia wenzake kwamba liko tanuri la matofali porini, upande wa Mpitimbi, ambako mtu hafiwi. "Afe mama yako, afe baba yako, wewe ni kuchochea moto tu," alisema. Wengine walicheka, wakasema huo ni uzushi. Lakini ukiwa mama mwenye kijana nyumbani, tena kijana anayetafuta kazi, neno kama hilo unarudi nalo, unapika nalo, unalala nalo.

Ndiyo sababu ya kumtafuta Romwaldi Komba.

Asubuhi hii Romwaldi amesimama kwenye kiwanja cha ujenzi Majengo, mjini Songea, mikono kiunoni. Hapa zinajengwa fremu za maduka. Lori limeingia kinyumenyume, na juu ya matofali ya kuchoma wamekaa vibarua wanne. Wote wanamngoja yeye aseme neno moja, shusheni. Halisemi.

"Hamjambo jamani? Za huko mlikotoka? Nani amefiwa mwaka huu?"

Dereva anatoa kichwa dirishani. "We Romwaldi, umewekwa hapa kupokea tofali au kuhesabu makaburi?"

"Makaburi hayana haraka, bwana. Nimeuliza hao walio juu."

Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zilizojaa vumbi jekundu, anainua mkono. "Mimi. Shangazi yangu, mwezi wa tano."

"Pole sana ndugu yangu. Ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nikalala matanga, nikarudi."

"Kazi uliikuta?"

"Niliikuta. Tajiri alinipa na sukari ya kupeleka."

"Na nguo zako za kanisani ziko wapi?"

Kibarua anacheka. "Ziko kwa mke wangu, ziwe wapi tena?"

"Shusheni," anasema Romwaldi, na yeye mwenyewe anakuwa wa kwanza kupokea.

Romwaldi ni mwashi, ana miaka arobaini na mmoja, mke wake ni Mariana. Anapata shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku, sawa na waashi wenzake. Kwa kuuliza habari za msiba halipwi kitu. Lakini kwenye viwanja vyote vya mkandarasi wake, Bwana Leo Mbawala, hakuna tofali, mchanga wala kokoto inayoshuka kabla hajauliza. Yeye ametoka kule ambako mtu hafiwi. Uzushi haukuwa uzushi.

Zamani alikuwa mkulima wa mahindi Mpitimbi. Mbolea ikapanda bei, chama cha ushirika kikawa kinachukua mahindi kwa ahadi. Huku mjini mambo yakafunguka, kila mwenye kidogo chake akataka fremu ya duka. Wenye kujenga wakawa wanatafuta matofali, na wa kijijini wanatafuta kibarua.

Kiangazi cha mwaka 1994 alikuja kijijini mtu mwenye pikapu, amebeba mapipa ya pombe ya komoni na mbuzi wawili. Hakusema anaajiri. Alisema anaomba nguvu za ndugu zake.

Hapo ndipo wengi walipokosea, na asiye wa huku anaweza asielewe. Iko kazi yetu ya kuitana, ambayo wengine huiita ngokela. Mwenye shamba anapika pombe na chakula, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa. Kwenye kazi ya namna hiyo kuuliza malipo ni aibu, unaonekana mtu uliyelelewa vibaya. Na ukishakula chakula cha mwenye kazi huondoki mpaka mwenyewe aseme asanteni.

"Tulipanda gari tunaimba," anasema Romwaldi. "Mke wangu aliniuliza, mnakwenda kwa nani? Nikamwambia, acha maswali ya kuninyima heshima, mimi nimeitwa kazi. Tulifika, tukala, tukafyatua tofali. Jioni tukangoja yule mtu aseme asanteni. Hakusema. Kesho yake hakusema. Sasa nani aanze kuondoka? Kila mmoja anamwangalia mwenzake."

Yule tajiri alikuwa mpole, hakupiga mtu. Aliwaambia wavue nguo zao nzuri na viatu, zisiharibiwe na masizi, akazifungia kwenye stoo. Wakabaki na matambara. Mtu mzima atapitaje vijijini nusu uchi, watoto wamkimbilie kama kichaa? Njiani kulikuwa na vijana wawili wenye marungu, wanasema wanalinda kuni. Habari za malipo zilipoulizwa jibu lilikuwa tukishauza. Matofali yaliuzwa, malori kwa malori. Malipo hayakuonekana mpaka leo.

Kati yao alikuwepo Majidi, Myao wa Nalasi, Tunduru, aliyekuwa amekuja upande huu kutafuta kazi baada ya msimu wa korosho. Siku moja dereva wa lori alimnong'oneza kwamba amekutana na kaka yake sokoni, anamtafuta mji mzima. Mama yao amefariki na ameshazikwa.

Majidi alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akaweka kuni chini. Akamwendea tajiri kuomba nguo zake, kwamba kama kuzika kumempita, basi awahi hata arobaini ya mama yake.

"Pole," tajiri alimjibu. "Lakini mama hawezi kukungoja tena, na tanuri linawaka. Nani atachochea?"

"Majidi hakubishana," anakumbuka Romwaldi. "Alirudi, akachochea. Machozi yanakauka kwa moto kabla hayajashuka. Ndipo nikajua, hii siyo ngokela. Kwenye ngokela ikija habari ya msiba, majembe yanawekwa chini, na mwenye kazi ndiye anayetangulia kwenda."

Lori lililofuata, Romwaldi ndiye aliyechaguliwa kwenda mjini kushusha, akiwa na mlinzi mmoja. Matofali yalikuwa ya Bwana Leo, hapa hapa Majengo. Alishusha tofali la mwisho, akachukua mfuko mtupu wa saruji, akautandika chini katikati ya kiwanja, akakaa, miguu ameinyoosha.

Mlinzi akamwambia, "Panda gari twende."

"Siwezi. Nimefiwa."

Waashi wakageuka. Mmoja akamuuliza, "Umefiwa na nani, ndugu?"

"Mama yake Majidi. Mwenyewe amezuiliwa, nimekaa badala yake."

Basi jamani, nani atapanga tofali mbele ya mtu aliyekaa matanga? Mwashi wa kwanza aliosha mwiko wake, akaja kukaa. Wa pili akafuata. Kasiana Luoga, anayewapikia mafundi uji na maandazi pale kiwanjani, akachukua kuni zake mwenyewe akawasha moto wa msiba.

"Sikujua Majidi ni nani," anasema Kasiana. "Nilimwona mtu mzima ana tambara la gunia kiunoni, analia msiba wa mwenzake. Nikafunga kanga. Ningeuliza nini zaidi?"

Wapita njia wakaanza kuuliza nani amekufa, na kila aliyeuliza aliambiwa habari yote, ya tanuri, ya nguo, na ya pombe. Wazee wa msikitini waliposikia marehemu ni Mwislamu wa Nalasi, walikuja wakasoma dua. Yule mlinzi alipoona watu wanaongezeka, alipanda lori akaondoka na dereva.

Mchana akafika Bwana Leo.

"Wewe nani, na huu ni msiba gani kwenye kiwanja changu?"

"Shikamoo tajiri. Mimi ni mmoja wa waliochoma hizo tofali zako. Msiba ni wa mwenzangu ambaye bado anazichoma."

"Mimi nimelipa tofali. Ya huko sihusiki nayo."

Kasiana akamjibu bila kuinuka, "Baba, umefika matangani hujatoa pole bado."

Bwana Leo alisimama kidogo, akavua kofia, akasema, "Poleni." Akakaa kwenye tofali. Leo hii anasema mwenyewe: "Zilikuwa rahisi kuliko za wote, ndiyo maana nilizinunua. Urahisi umetoka wapi, sikuuliza. Pale nilikuwa nimeukalia."

Neno hilo hakulala nalo. Jioni ile ile pikapu yake ilikwenda kwenye tanuri, imebeba waashi, wazee wawili wa msikitini, Kasiana na Romwaldi. Wale wenye marungu hawakujua wafanye nini na gari la waombolezaji. Wakasogea pembeni.

"Tumekuja kumchukua mfiwa," alisema Bwana Leo.

"Tanuri linawaka," alijibu yule tajiri. "Nani atachochea?"

"Chochea mwenyewe, baba," alisema Kasiana. "Si ni lako?"

Yule mtu aliangalia watu waliomzunguka, akatoa ufunguo. Alifungua stoo atoe nguo za Majidi peke yake, lakini kila mmoja alikuwa ameshasimama mlangoni akitaja shati lake. Walitoka wote, wanamsindikiza mfiwa. Bwana Leo alimlipia Majidi nauli ya kwenda Tunduru, na Romwaldi akamsindikiza. Waliiwahi arobaini.

Romwaldi alijifunza uashi kwa Bwana Leo; Majidi naye alirudi Songea, sasa ni saidia fundi wake, anamkorogea udongo. Ukiwakuta kazini utadhani wanagombana.

"Huyu Mngoni alimlilia mama yangu, hata jina lake halijui!" anasema Majidi.

"Nililijua baadaye."

"Baada ya kula ubwabwa wa watu!"

"Ubwabwa wenyewe ulikuwa mbichi. Wayao mnazika vizuri, kupika hamjui."

Majidi anacheka mpaka anaweka koleo chini. Halafu anasema polepole, "Lakini nisingefika. Ningekuwa bado nachochea."

Tanuri lile lilizimika. Mwenyewe hakukamatwa, na inasemekana ameshachimba udongo upande mwingine. Mwezi uliopita Romwaldi alirudisha lori zima. Aliuliza swali lake, waliokaa juu wakamwangalia dereva kwanza, na dereva akajibu kwa niaba yao, "Hawa hawana ndugu." Romwaldi alimwambia hakuna mtu asiye na ndugu. Bwana Leo alikwenda kutoa taarifa polisi na kwa ofisa wa kazi. Lori halijarudi, na watu wale hatujui walipo. Wiki iliyopita, kwenye mtaa wetu, ameonekana mtu mwenye pikapu na mapipa ya komoni, anawasalimia vijana kwa heshima sana.

Romwaldi na Majidi wanataka kuchoma tofali zao wenyewe kiangazi kijacho, kwenye shamba la Romwaldi, karibu na kijito. Malipo yatatajwa kabla ya jembe la kwanza. "Na Jumapili moto ukiwaka, tutachochea sisi wawili," anasema Romwaldi. "Wengine waende kwao."

Mpaka hapo watakapoanza, haya ndiyo ya kuepuka:

Kazi ambayo mwenyewe analeta pombe kabla ya kutaja malipo.

Kupanda gari wakati nyumbani hawajui unakwenda kwa nani na mahali gani.

Kumpa tajiri nguo, viatu au kitambulisho akutunzie.

Kulipwa "tukishauza".

Mahali ambapo njia ina walinzi wanaowaangalia wa ndani kuliko wa nje.

Kwa wenye kujenga: tofali, mchanga au kokoto ya bei ya chini kuliko ya wote, kama hujaenda kumwona aliyeitoa. Na dereva anayewajibia wenzake.

Kwa akina mama: kuona haya kumfuata mtoto kazini, eti ameshakuwa mkubwa. Mfuate. Mwenye kazi njema atakupa kiti.