Shangazi Alipoulizwa Anamtembelea Nani

Miezi ile ya korona tuliyofungiwa ndani huku ughaibuni, mtaani Blacktown, nyumba yetu ilinukia mafuta ya nazi na nywele zilizochomwa ncha. Saluni zote zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Shangazi Akinyi, dada mdogo wa Baba, alinisuka jikoni huku helikopta ya polisi ikinguruma juu ya paa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba aliendesha lori la makontena bandarini Port Botany, Mama aliuguza wazee, nami nilishinda na Shangazi. Alihamia kwetu alipofiwa na mumewe. Picha yao ya harusi ilikaa kando ya kitanda chake, na sikuwahi kuiona ikiwa na vumbi. Kwangu alikuwa mjane, basi.

Siku moja alinichukua garini kumpelekea supu rafiki yake Nyambura, aliyeishi peke yake Macquarie Fields. Polisi akatusimamisha. Alieleza kwa upole kwamba sheria haikuruhusu kumtembelea rafiki, lakini mpenzi, sawa. Je, huyo alikuwa nani? Shangazi alishika usukani kwa mikono miwili.

“Ni mpenzi wangu,” akasema.

Tukaruhusiwa. Nilidhani amemchezea polisi, nikamwonea fahari. Lakini Nyambura alipofungua mlango, Shangazi alivua barakoa akalia begani mwake, jinsi Mama alivyomlilia Baba siku bibi alipofariki. Wakati wa kurudi nilimuuliza kama alikuwa amedanganya.

“Hapana.”

“Na marehemu mumeo je?”

“Nilimpenda. Hilo nalo si uongo.”

Usilolijua ni kama usiku wa giza, nami nilipapasa kila upande. Mchungaji, kwenye ibada ya simu, alikuwa na jina moja tu la watu wa namna hiyo, na halikuwa zuri. Mwalimu wetu wa mtandaoni alikuwa na majina mengi, kila moja na bendera yake. Nilimjaribishia Shangazi yote kama viatu dukani. Alinishukuru, akasema kila kimoja kinabana mahali. Kiswahili nacho kilinichanganya. Yeye ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, na mpenzi vivyo hivyo. Lakini mmoja huoa, mwingine huolewa. Nikamuuliza kati yao nani angeoa na nani angeolewa. Alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

Hakutaka nibebe siri yake, kwa hiyo alimwambia Baba mwenyewe, tukiwa mezani. Baba aliuliza kama ndoa ile ilikuwa ya kuigiza. Shangazi akakataa. Nadhani Baba angemwelewa mwongo, awe alidanganya zamani au anadanganya sasa. Lakini mtu aliyesema kweli mara zote mbili, Baba hakujua amweke wapi.

“Basi wewe ni nini?”

Mama akasema, “Ni dada yako. Mpe mboga.”

Baba aliondoka mezani. Wiki hiyohiyo Shangazi alihamia kwa Nyambura, nami nikabaki na kichwa kilichosukwa nusu na hasira nisiyojua nimwelekeze nani.

Leo niko chuo kikuu, na barabara ya Macquarie Fields iko wazi. Wenzangu wana maneno tayari kwa kila moyo, nao huniuliza langu ni lipi. Huwa nachagua moja; kabla juma halijaisha naliona si langu. Nilidhani ukubwa ungenipa jibu. Baba naye alianza kwenda kwa dada yake polepole, kwanza kurekebisha geti, kisha kunywa chai, lakini kwa miaka mingi Nyambura kwake alikuwa “yule” tu. Krismasi iliyopita Baba alikuwa akikata nyama ya mbuzi uani kwa Shangazi na Nyambura, mikono imejaa mafuta.

“Shemeji, leta sahani,” akaita.

Kisu kikasimama. Alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyesema. Nyambura akaleta sahani.