Miwani ya Baba Mkwe

Miaka ya sabini, kwetu Unyakyusa, mke hakutakiwa kuonwa na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, anakimbilia migombani. Lakini baba mkwe wangu alipopofushwa na mtoto wa jicho, wazee waliniruhusu, nikamlisha kwa mkono wangu miaka minne.

Kisha akapasuliwa hospitalini Mbeya. Alirudi na miwani minene, akaniona mlangoni nimeshika bakuli. Nikakimbia. Tangu hapo nilimwachia uji kizingitini, akala peke yake kama mbwa.

Alipougua sana alivua miwani, akaitupa motoni, akaita, “Njoo, mwanangu, sioni tena.”

Mume wangu akanizuia. Alisema baba bado anaona ukungu, na ukungu nao ni kuona.

Nikatii, mjinga mimi. Uji ukapoa kizingitini, naye hakuita tena.