Mashine Tatu, Mdomo Mmoja

Alfredo aliingia studio ya picha ya Shaibu pale Rahaleo saa tatu asubuhi, mwezi wa Novemba mwaka 1974, miguuni kavaa viatu vya kuazima. Alikuwa mwembamba, jino moja la mbele halipo, na alipovuka kizingiti alibaki wima kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kukaa.

"Nimeambiwa hapa ndipo ilipotengenezwa picha yangu," alisema. "Ile iliyoko kwa mama, Mpapura."

Ermelinda, mwanamke aliyekuwa akipaka rangi na kutengeneza picha zilizoharibika katika studio ile, aliweka pamba chini. Uso ule hakuwahi kuuona.

"Mama yako nani?"

"Zulmira."

Ermelinda alimkumbuka vizuri mama huyo. Alikuja mwaka 1969, mjane aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, na ndani ya kitambaa alikuwa na picha ndogo ya kipande, kitambulisho cha mwanawe. Mwana alikuwa amekamatwa na Wareno, na habari zilizofika zilisema amekufa. Picha yenyewe ilikuwa imelowa mtoni. Macho na paji la uso vilibaki, lakini kuanzia puani kushuka chini palikuwa na doa jeupe tu. "Nirudishie mwanangu," Zulmira alisema, na wala hakueleza zaidi. Shaibu aliikuza, na Ermelinda alikaa nayo siku nne, kwa brashi nyembamba na pamba, akachora pua, mdomo na kidevu pale pasipokuwa na kitu. Zulmira alipoiona aliibusu. "Ndiye," alisema.

Sasa ndiye huyu hapa amesimama, na mdomo wake haufanani kabisa na ule.

"Mabwana wakubwa kule Ureno wamepinduana, jela zikafunguliwa," Alfredo alieleza. "Nimetembea mpaka Ruvuma, nikavukia Kilambo. Wiki ya tatu hii niko na mama. Chakula ananipa. Maji ya kuoga ananipashia moto. Lakini akitaka kuzungumza na mwanawe, anazungumza na ile picha ukutani. Juzi akaniuliza, kwa upole kabisa, 'Baba, umetumwa na nani?'"

Ermelinda alimsogezea kiti.

"Unataka nifanye nini, kaka?"

"Sijui, dada. Nilitaka tu kumwona aliyenitengeneza."

Shaibu, ambaye alikuwa mtu wa Mikindani na mwenye huruma iliyomfanya aongee sana, alimketisha kijana mbele ya pazia akampiga picha, akasema aje kuichukua akipata nafasi. Alfredo alishukuru akaondoka. Ermelinda hakushika tena brashi siku ile.

Ila kazi ilikuwa imejaa, na haikumngoja. Tangu habari za Msumbiji kupewa uhuru zilipoenea, familia zilizokaa miaka kumi upande huu zilianza kufunga mizigo, na kila familia ilikuwa na mtu ambaye ingerudi bila yeye. Walikuja na vipicha vya vitambulisho, vilivyoliwa na mende, vilivyokunjwa mara nne, vilivyofifia. Walitaka vikuzwe, viwe safi, wawe na kitu cha kutundika kule nyumbani. Kwa brashi ya mkono Ermelinda alimaliza picha mbili kwa wiki. Shaibu alikuwa amesikia kuwa studio za Dar es Salaam zinatumia bomba la kupulizia rangi, dogo kama kalamu, linalotoa rangi kama ukungu, na kwamba picha moja humalizwa kwa saa chache. Alikuwa ameandika barua kwa duka moja huko, nao wakakubali kumletea mashine mbili azijaribu na kuzirudisha, kisha aagize moja. Ya tatu aliazima kwa Danieli, mchoraji wa ofisi ya ramani, aliyekuwa akitumia yake kutia vivuli kwenye milima.

Zote tatu zilikuwa mezani siku tatu baada ya Alfredo kuondoka.

"Wewe ndiye utakayeishika," Shaibu alimwambia Ermelinda. "Wewe ndiye utakayechagua. Mimi nitasema tu ninavyoona, na unajua nitasema."

Upepo waliupata kwa tyubu ya tairi la lori, iliyojazwa kwa pampu ya mguu na kuunganishwa na mpira mwembamba. Ili wasidanganyike, Shaibu alichapa nakala tatu za picha moja. Ilikuwa ya mume wa mama mmoja wa Kilambo aitwaye Conceicao. Mchwa walikuwa wamemla mdomo na shavu la kushoto. "Picha moja, mashine tofauti, ndipo tutajua," Shaibu alisema.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, jina lake Hoshida. Ilikuwa nyepesi, haichoshi kiganja, na kitufe chake ukikibonyeza rangi na upepo vinatoka pamoja. Ilikuwa nzuri kwa kupaka nyuma ya mtu, anga au pazia. Lakini kwenye uso ilikuwa na haraka. Ermelinda alipotaka ukungu kidogo tu chini ya pua, ilimpa zaidi ya alichoomba, ikabidi afute na kuanza upya. Kuisafisha kulikuwa rahisi: unaifungua, unaitia kwenye maji, basi.

Siku iliyofuata alijaribu ya Kiingereza, Wexcombe namba mbili. Hiyo ilikuwa nzito, shaba tupu, na kifyatuo chake kilikuwa na kazi mbili: ukikibonyeza chini unapata upepo, ukikivuta nyuma rangi inafuata, kadiri unavyovuta. Ilimchukua asubuhi nzima kukizoea. Tyubu ilipoanza kulegea mashine ilitema vitone vidogo, kama vumbi, na hata upepo ukiwa wa kutosha rangi yake ilikuwa na chembechembe ambazo mtu akisogeza jicho karibu angeziona. Sindano zake za akiba, zile zinazopima rangi inayotoka, zilipatikana Dar es Salaam, na hilo Shaibu aliliandika kwenye karatasi.

Ya mwisho ilikuwa ile ya Danieli, ya Kijerumani, Rautner. Hiyo ilikuwa jambo lingine. Ilichora mstari mwembamba kama unywele, na ikitandaza kivuli hukioni kinapoanzia wala kinapoishia. Shavu la mume wa Conceicao lilirudi kama halijawahi kuliwa. Tatizo lake ni sindano, laini mno. Danieli aliwahi kuipinda moja na kusubiri miezi saba nyingine itoke Ulaya.

"Hii," Shaibu alisema akiwa ameinama juu ya meza. "Dada Ermelinda, hii. Hata mimi niliyechapa picha sijui umepita wapi."

Ermelinda aliisogeza picha kwenye mwanga. Alikuwa anautazama mdomo.

Kwa brashi, siku zote mdomo aliochora ulikuwa na mikwaruzo, na akili yake iliishia kwenye mikwaruzo. Sasa hapakuwa na mkwaruzo wowote. Mdomo ulikuwa pale, mzima, mdomo wa juu umenyanyuka kidogo upande wa kushoto, kama wa mtu aliyetaka kusema neno akabadili nia. Aliigeukia picha ya mashine ya Kijapani. Mdomo huohuo. Ya Kiingereza, huohuo.

Danieli alipofika kuchukua mashine yake alizitazama picha zilizokuwa zikikauka, kisha akatazama nakala ya ile picha ya mwana wa Zulmira, ambayo Ermelinda aliitoa siku ile Alfredo alipokuja na hakupata moyo wa kuirudisha.

"Hawa ndugu?" aliuliza.

"Hapana."

"Mbona wamefanana midomo?"

Alipoondoka, Ermelinda alivuta droo ya nakala. Alizipanga sakafuni picha zote alizowahi kuzijazia nyuso, kumi na moja, wanaume na vijana, mmoja wao padri. Kumi na moja wote walikuwa wakitaka kusema neno, na wote walikuwa wamebadili nia. Alikaa katikati yao, mchana, jua limejaa mlangoni.

"Shaibu," aliita, na hakuweka Bwana mbele ya jina kama alivyozoea. "Njoo uone."

Shaibu alikuja, akasimama.

"Huyu ni Bernardino," Ermelinda alisema. "Mume wangu."

Shaibu alijua kuwa alikuwa na mume, basi. Sasa alisikia lililobaki. Alfajiri moja ya mwaka 1965, mtumbwi uliokuwa ukivusha watu karibu na Kilambo ulikuwa mdogo. Bernardino alimpandisha Ermelinda, akamwambia yeye atakuja na safari ya pili. Walipofika katikati ya mto walisikia risasi. Aligeuka, akamwona amesimama ukingoni, kinywa kimefunguka kidogo, kama anamwambia kitu, halafu akafumba. Mtumbwi haukurudi kule. Hakuonekana tena, mzima wala maiti. Wala hapakuwa na picha yake hata moja, duniani kote, ila hizi.

"Nilidhani ninabuni," alisema. "Miaka yote hii nilidhani ninabuni."

Shaibu alichuchumaa, akaanza kuziokota picha moja moja kwa ncha za vidole, kama vitu vinavyoweza kuamka.

Jumamosi Ermelinda alipanda lori lililokuwa likienda kuchukua korosho, akashuka Mpapura. Zulmira alikuwa uani, Alfredo anamsaidia kuanika muhogo. Ermelinda aliomba waingie ndani. Picha ilikuwa ukutani, imezungukwa na rozari. Mwanga ulipita dirishani ukaangukia pale pale alipochora.

"Mama, nimekuja kusema kosa langu," alianza, naye hakuzunguka. Alisema kuwa macho yale ni ya Alfredo, lakini mdomo si wake, wala pua, wala kidevu. Alisema ni vya mumewe, na mume huyo aliachwa wapi.

Zulmira alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akainuka, akamshika Alfredo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayeangalia jipu. Alimtazama muda mrefu. Alfredo alifumba macho.

"Hili jino lilikwenda wapi?" aliuliza.

"Walilitoa kwa kitako cha bunduki, mama."

"Ulikuwa hupendi kucheka. Ndiyo maana siukumbuki mdomo wako." Alimwachia. "Ulikuwa mtoto wa kununa."

Alfredo alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

Ermelinda alisema kwamba akiruhusiwa ataishusha picha ile aende nayo, aiteketeze, alete ya kweli aliyoipiga Shaibu. Zulmira alikataa. Alisimama kati yake na ukuta.

"Nimemwombea huyu miaka mitano," alisema. "Kila siku. Kama nusu yake ni wako, basi na wako nimemwombea. Utachomaje mtu aliyeombewa?"

Ermelinda alirudi mjini bila kitu mkononi. Jumatatu alimwambia Shaibu aagize Wexcombe.

"Ile ya vumbi?" Shaibu alishangaa. "Dada, Rautner inachora kama pumzi!"

"Ndiyo. Haionyeshi nilipopita. Mtu akisogea karibu na picha yangu, nataka ayaone mavumbi, ajue hapa ni picha na hapa ni mimi."

Shaibu alibisha mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, aliporudi akaandika barua.

Mashine ilifika Januari. Tangu hapo, mteja akileta uso wenye pengo, Ermelinda alimketisha kando yake, akamtaka asimulie: mdomo mnene au mwembamba, anacheka vipi, anakasirika vipi. Wengine walikumbuka. Wengine walianza kueleza wakagundua hawakumbuki, wakalia, na kwa hao alipuliza ukungu wa kijivu mahali pale akauacha hivyo. Baadhi walikasirika wakaenda kwingine. Conceicao alibaki. Alikaa kutwa nzima akisema, "Hapana, si hivyo, teremsha," na Ermelinda akiteremsha, na mara tatu mkono ulimponyoka ukanyanyua upande wa kushoto, na mara tatu Conceicao akasema, "Huyu simjui. Mtoe."

Akamtoa, mara zote tatu, kwa pamba iliyolowa.

Zulmira na Alfredo walivuka Kilambo Julai mwaka 1975, Msumbiji ikiwa imeshapata uhuru. Walikuwa na picha mbili. Ile mpya Alfredo aliishika mkononi. Ile ya zamani Zulmira aliifunga kwa kanga na kuibeba mgongoni. Ermelinda aliwasindikiza mpaka majini. Waliokuwepo wanasema mtumbwi ulipofika katikati, Zulmira aliifungua kanga, akaigeuza picha itazame upande huu, na Ermelinda alisimama pale ukingoni mpaka jua likawa kali, asiitikie mtu aliyemwita.