Mchezo wa Watu Wawili

Harufu ya boksi jipya, gundi na wino, ndiyo iliyonikamata mlangoni. Nilikuwa ugenini, mji wa baridi kali, nimetoroka mkutano na kuingia duka linalouza ile michezo ya mezani ambayo kila mchezaji hujichagulia jina, akawa mtu mwingine, akasimulia anachofanya, na dadu zenye pande nyingi zikaamua kama ataweza. Muuzaji akaniuliza tutacheza wangapi. Nikamwambia wawili. Uongo mtupu, jamani! Mwenzangu nilimpoteza nikiwa na miaka kumi.

Mchezo huo tuliujulia Newala, miaka ya ruksa, maduka ya Masasi yalipoanza kujaa sabuni na mitumba, nasi watoto tukadhani sasa hakuna kisichopatikana. Nesi mmoja Mzungu wa misheni alikaa kwetu masika nzima, akatufundisha mimi na kaka yangu Lukanga. Kaka alikuwa mwindaji, mimi mganga wake. Hata tukipanda kutoka bondeni na ndoo za maji kichwani tuliendelea kubishana kama chui amekufa au anajisingizia. Nesi alipoondoka, aliondoka na boksi lake. Ndiyo maana baba, mwalimu wa kanisa, alipopata safari ya masomo Uingereza, Lukanga hakuomba viatu.

"Baba, niletee ule mchezo."

"Haya, mwindaji," baba akacheka. "Ahadi ni deni."

Lakini kwetu mtoto ni wa mjomba. Kiangazi kilipoingia, baba akiwa bado huko, mjomba alikuja kutoka Kitangari akasema mpwa wake amekua, aende jando na wenzake. Nani ampinge mjomba? Nililia nyuma ya jiko, hakuna aliyeniuliza kitu. Kaka alitoka kambini mikorosho ikiwa imechanua, amenyolewa, anang'aa mafuta, na jina jipya: Mkwela. La zamani limeachwa porini, na kumwita nalo ni tusi. Hata mama, aliyekuwa Mama Lukanga, akawa Mama Mkwela. Nilipomwambia kaka tucheze, alitazama chini. "Mimi si mtoto tena, mdogo wangu." Basi nikamsubiri baba. Niliamini kabisa kwamba kaka akiliona lile boksi atanirudia.

Kawia ufike, wanasema. Baba alikawia, akafika. Mambo ya jando hayaandikwi kwenye barua, kwa hiyo hakujua lolote. Alishuka kwenye lori, boksi kwapani, watu wamejaa uwanjani kumpokea, akaita kwa furaha yake yote: "Lukanga! Lukanga mwanangu, nimeupata!"

Watu wakatazamana. Kaka alikuwa palepale, katikati ya vijana wenzake, na hakugeuka. Mjomba akamsogelea baba, akamnong'oneza. Baba akabaki amelikumbatia lile boksi. "Nimezunguka maduka kwa mvua," akasema, kama anayejitetea. "Nawaeleza mchezo wa kuchezwa kwa mdomo, wananicheka." Ndipo kaka akaja, macho yamejaa machozi, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba..." Baba akakosa jina la kumalizia. Boksi akanipa mimi.

Siku hizi watoto wengi wanatahiriwa hospitalini wakati wa likizo, wanaingia na majina yao na kutoka nayo, na jioni wanakuwa mashujaa kwenye simu. Nawaonea wivu, sifichi. Kaka alikua mtu mzima wa heshima, mkulima wa korosho huko Mkunya, na boksi la baba hakuligusa kamwe. Mchwa walilimaliza. Mwaka juzi tulimzika. Niliporudi kutoka safari ile ya mkutano nilikwenda Mkunya na boksi jipya, nikasimama mbele ya msalaba wake ulioandikwa Mkwela. Nilitaka kuliita lile jina lingine, hata kwa kunong'ona. Mdomo ukagoma. Nikamwombea Mkwela apumzike kwa amani, nikaondoka na boksi langu mkononi. Lukanga, yule niliyecheza naye, hana kaburi.